Joto na Majivu: Nani Atafundishwa Kusafisha Ardhi Iliyochafuka?

Mji wa Kasese ni mtoto wa shaba. Reli kutoka Kampala ilifikishwa huko mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, ulio bondeni kilomita chache juu ya mji, na shaba yake ikawa inapelekwa kuyeyushwa Jinja. Uchimbaji ulisimama mwaka 1982. Falconbridge, kampuni ya Kanada iliyouendesha mgodi katika miaka yake ya neema, ilikuwa imekwisha kuondoka. Treni nazo zikaja kukoma. Kilichobaki ni zaidi ya tani milioni 15 za topesumu, ule unga wa mwamba unaosalia shaba ikishatolewa. Umerundikwa kandokando ya Mto Nyamwamba, katika bonde jembamba lenye shule, mashamba na nyumba za watu.

Anayeishi Bwesumbu, juu kwenye miteremko ya Rwenzori penye kahawa na migomba, anaweza kuyaona hayo kuwa ya watu wa chini. Anayeishi Bwera, mpakani mwa Congo, vivyo hivyo. Lakini kijana wa Bwesumbu au wa Bwera akikosa pesa hushuka Kasese kutafuta kibarua, na bonde la Nyamwamba halikosi kazi ya koleo: kuchota mchanga, kupasua mawe, kuzibua mto baada ya mafuriko. Hapo ndipo swali linapoanza. Mtu anayetia koleo kwenye ardhi iliyochafuliwa na kiwanda amefundishwa nini kabla ya kushika mpini?

Taaluma iliyolazimika kulijibu swali hilo kwa ukali kuliko zote ni ile ya kubomoa mitambo ya nyuklia na kusafisha ardhi yenye mionzi. Mionzi haionekani, hainuki, haiwashi ngozi papo hapo, na mfanyakazi anaweza kuipeleka nyumbani kwenye mkunjo wa suruali bila kujua. Ndiyo maana waliokosea katika kazi hiyo wamelipa sana, na waliofaulu wameandika kila hatua. Afrika Mashariki nayo haiko mbali na suala hilo kama wengi wanavyodhani.

Kwanza iondolewe hofu isiyo na msingi. Kilembe ilikuwa na shaba na kobalti pamoja, na neno kobalti huwatia watu wasiwasi kwa sababu wamelisikia hospitalini, kwenye matibabu ya saratani. Kobalti ya Kasese haina mionzi. Ile ya hospitali, kobalti-60, hupatikana kwa kuiweka kobalti ya kawaida ndani ya kinu cha nyuklia hadi atomu zake zimeze nyutroni. Ikitoka huko hutoa miale inayopenya mwili na hata ukuta, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Mashine ya aina hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika mwaka 2016, na Uganda ikabaki bila tiba ya mionzi hadi mashine mpya kutoka Jamhuri ya Czech ilipozinduliwa mwanzoni mwa 2018. Wagonjwa waliteseka, magazeti yakaandika, na watu wakazungumza sana juu ya mashine mpya. Habari ya ile ya zamani iliwavutia wachache. Na hilo ni kosa, kwa sababu chanzo cha mionzi kilichochoka hakitupwi jalalani kama jokofu bovu. Kinahitaji chombo kizito cha risasi, leseni, gari lenye ulinzi, na watu wanaojua kila hatua kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

India iliionja shubiri ya kutojua hivyo. Mwaka 2010 chuo kikuu kimoja mjini Delhi kiliuza kwa mnada mashine ya maabara iliyokaa miaka mingi bila kutumika, nayo ikaishia katika soko la vyuma chakavu la Mayapuri. Ndani yake mlikuwa na kobalti-60. Wafanyakazi wa soko waliikatakata. Kadhaa waliungua na kuugua, na mmoja akafa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyeuza hakujua alichouza na aliyenunua hakujua alichokata.

Goiânia, nchini Brazil, ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi Septemba 1987 watu wawili walichukua kichwa cha mashine ya tiba kutoka kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliotoa mwanga wa bluu gizani, na uzuri wake ukawaponza watu. Waligawana kama zawadi, wengine wakajipaka. Siku kumi na sita zilipita tangu kuibiwa kwake kabla ya mtaalamu kupima na kutambua kilichotokea. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa wamechafuliwa, na zaidi ya 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachimbwa na kubebwa, na taka zikafika takribani mita za ujazo 3,500. Unga wenyewe ulikuwa chini ya gramu mia moja.

Kutoka katika misiba hiyo limebaki somo moja ambalo kila kozi ya kusafisha mionzi huanza nalo, na ambalo Kiswahili kinalieleza vizuri kwa mfano wa jikoni. Kuna joto na kuna majivu. Aliyeketi karibu na moto hupata joto. Akisogea mbali, joto linakwisha, wala hatoki na moto mwilini. Lakini aliyeshika majivu huondoka nayo. Yatakuwa kwenye vidole, kwenye nywele, kwenye chakula anachokula bila kunawa, na kwenye kanga ya mtoto atakayembeba. Miale inayotoka kwenye chanzo kilichofungwa ni joto. Vumbi lenye mionzi ni majivu, tena majivu yenye kaa hai ndani yake. Dhidi ya joto mfanyakazi hutumia mambo matatu: hukaa muda mfupi, hukaa mbali, na huweka kizuizi katikati. Dhidi ya majivu kinachomwokoa ni mavazi, kunawa, kipimo mlangoni, na utaratibu wa kuvua.

Utaratibu wa kuvua ndio mgumu. Kuvaa ovaroli, glavu mbili na barakoa mtu yeyote hujifunza asubuhi moja. Kuvua bila kujigusa kwa nje ya vazi, ukiwa umechoka, umelowa jasho na una kiu, kunahitaji kurudiwa mara kumi, ishirini, hadi mikono iwe inajua yenyewe.

Na hapa Bwera ina la kusema. Juni 2019, Uganda ilithibitisha Ebola kwa mtoto aliyevuka mpaka kutoka Congo na familia yake. Alifikishwa kwanza Hospitali ya Kagando, kisha kituo cha matibabu ya Ebola kilichoandaliwa Bwera. Wagonjwa wa kundi hilo walikufa, lakini ugonjwa haukusambaa ndani ya Uganda. Haikuwa bahati tupu. Kabla hata mgonjwa wa kwanza hajavuka, wahudumu wa afya karibu 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na wahudumu wa mpakani walikuwa wamefanya mazoezi ya kuvaa na kuvua, mmoja akifanya na mwenzake akimwangalia na kumwambia hatua inayofuata. Muuguzi, mfagizi, dereva wa gari la wagonjwa na mzishi, kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika mnyororo huo. Virusi na mionzi ni vitu viwili tofauti kabisa. Klorini huua virusi na haifanyi lolote kwa sesiamu. Lakini nidhamu ya mwili ni ileile: upande mchafu, upande safi, mstari katikati, na hakuna anayeuvuka mstari bila kukaguliwa. Yeyote anayesema kwamba watu wa milimani hawawezi kufundishwa kazi ya namna hiyo aende Bwera akaulize.

Kilembe haijawahi kupata nidhamu hiyo, ingawa inaihitaji. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Abraham Mwesigye na Susan Tumwebaze, walichapisha katika jarida la Chemosphere vipimo vya maji ya bonde hilo. Maji yanayotoka chini ya mgodi na yanayochuruzika kwenye topesumu yalikuwa na wastani wa mikrogramu 3,430 za kobalti kwa lita, wakati maji ya jirani yasiyochafuliwa yalikuwa na 0.21. Shaba ilikuwa mikrogramu 9,470 dhidi ya 1.9. Katika sampuli za maji ya majumbani, asilimia 40 zilizidi kiwango cha kobalti cha mikrogramu 40 kwa lita kinachotumika katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Metali hizi hazitoi miale. Ila zinatembea kama majivu: kwa vumbi, kwa maji, kwa udongo chini ya kucha.

Kisha mafuriko hukoroga kila kitu. Mei 2013 Nyamwamba ilishuka na mawe makubwa kama magari, ikabeba nyumba na madaraja. Ilirudia mwaka uliofuata. Mei 2020 ilipanda tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa kiasi cha kulazimika kuhama. Kila safari mto hukata kingo za topesumu na kuisambaza chini, kupitia mjini, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na Ziwa George, eneo la kwanza la Uganda kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1988. Kila safari pia huletwa katapila kuzibua mto, na vibarua kushika makoleo. Wanachoondoa huitwa mchanga na mawe. Kwa sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni mgodi wenyewe, umehama mahali.

Kasese imewahi kuona usafishaji ulioendeshwa kitaalamu, na jambo hilo halikumbukwi vya kutosha. Pamoja na topesumu, mgodi uliacha karibu na mji lundo la pairaiti yenye kobalti, zaidi ya tani milioni moja. Mvua ilipolinyeshea ilitoka asidi, na asidi hiyo ikachoma majani ya hifadhi hadi pakawa upara mrefu usioota kitu. Mwaka 1999 Kasese Cobalt Company ilianza kulila lundo lile kwa bakteria. Vijidudu vinavyoishi kwa kula salfa na chuma viliwekwa katika matangi, vikaimeng'enya pairaiti, na kobalti ikatoka. Mbinu ilitengenezwa na watafiti wa jiolojia wa Ufaransa. Miongoni mwa waliosimamia matangi usiku na mchana, wakipima asidi na joto, walikuwamo Waganda waliofundishwa hapo hapo kiwandani. Bei ya kobalti ilipoanguka kiwanda kilisimama kwa muda, kikarudi, na mwaka 2013 lundo likaisha. Mlima wa sumu ulikuwa umegeuzwa mzigo wa kuuza.

Ujuzi ule ulikwenda wapi? Kiwanda kikiisha, mafundi hutawanyika. Mmoja anafungua duka, mwingine anakwenda Congo kwenye migodi ya Katanga, mwingine anarudi shambani. Hakukuwa na shule ya kuwapokea wawe walimu. Huu ndio udhaifu mkubwa wa namna Afrika Mashariki inavyoyaendea mafunzo ya aina hii: yanafungwa kwenye mradi, na mradi ukifungwa yanakwenda nao.

Ng'ambo ya mpaka wa Bwera, ndani ya Congo, ndiko mionzi yenyewe iliko. Shinkolobwe, katika Katanga, iligunduliwa kuwa na urani mwaka 1915, na urani yake ndiyo iliyotumika kwa wingi katika mabomu ya kwanza ya atomiki ya Marekani. Wabelgiji walifunga mgodi uhuru ulipokaribia, lakini mashimo ya Congo hayakai matupu. Bei ya kobalti ilipopanda, maelfu ya wachimbaji wadogo waliingia wakichimba kobalti iliyochanganyika na urani, kwa mikono, bila barakoa. Serikali ilipiga marufuku mwanzoni mwa 2004. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Umoja wa Mataifa ulipotuma wataalamu wake, hatari ya haraka waliyoiona ilikuwa kuporomoka kwa udongo. Mionzi ilikuwa hatari ya polepole, ya miaka, ya vumbi lililovutwa kila siku. Marufuku iliwaondoa watu bila kuwapa kazi nyingine wala maarifa. Wachimbaji wale wale, kama wangefundishwa na kulipwa, ndio wangekuwa kikosi cha kuzifukia njia za mgodi, kwa sababu ndio waliozijua zote.

Kinshasa nako kuna kinu cha utafiti, cha kwanza barani, kilichowashwa mwaka 1959 chuoni Lovanium. Kinu kilichokirithi kilisimama mwaka 2004. Fito mbili za nishati ziliwahi kuibiwa huko, na moja ilikamatwa nchini Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Kinu kilichozimwa huendelea kuhitaji watu kwa miongo: wa kulinda, wa kupima, na siku moja wa kukibomoa kipande kwa kipande. Duniani vinu vya umeme zaidi ya 200 vimezimwa, na vilivyobomolewa hadi ardhi kurudishwa matumizini ni sehemu ndogo tu.

Gabon, mji wa Mounana, inafundisha jambo jingine. Urani ilichimbwa huko tangu 1961 hadi 1999, na kwa miaka ya mwanzo masalia yalimwagwa mtoni. Baadaye ikagundulika kwamba mawe ya mgodi yalikuwa yamejengea nyumba za watu. Baadhi ya nyumba zikabomolewa. Mchanga wa Nyamwamba nao hujenga nyumba Kasese. Hauna urani. Lakini hauna pia mtu wa kuupima kabla ya kupakiwa kwenye lori.

Je, mafunzo yanayofaa yakoje? Marekani ililipia somo hilo kwa gharama kubwa. Baada ya kufichuliwa kwa majalala ya kemikali miaka ya 1970 na 1980, sheria iliamuru kwamba kibarua wa kawaida anayeingia eneo lenye uchafuzi hatari asome saa 40 darasani na kwenye mazoezi, afanye siku tatu uwanjani chini ya msimamizi, na kila mwaka arudie saa 8. Kinachopendeza katika mpango huo ni nani aliyekabidhiwa kufundisha. Tangu 1987 fedha za serikali zilipitia vyama vya wafanyakazi na vyuo, na walimu wengi walikuwa vibarua wa zamani. Mtu aliyewahi kuchomwa na jasho ndani ya vazi la plastiki hufundisha tofauti na aliyelisoma kitabuni.

Katika ardhi ya Wanavajo, kusini magharibi mwa Marekani, urani ilichimbwa tangu 1944 hadi 1986, na migodi zaidi ya 500 iliachwa wazi. Wanaume wa Kinavajo waliingia mashimoni bila kuambiwa juu ya gesi ya radoni. Lugha yao haikuwa hata na neno la mionzi. Baadaye waliita urani leetso, udongo wa njano. Usafishaji ulipoanza, madai yao yalikuwa mawili pamoja: ardhi isafishwe, na kazi ya kuisafisha wafundishwe na kupewa wao. Dai la pili si uroho wa ajira. Anayesafisha ardhi ya baba yake hafukii shimo nusu nusu, na maarifa aliyopata hayapandi ndege kurudi kwao.

Hilo la lugha linaigusa Kasese moja kwa moja. Kiswahili kina mionzi, lakini neno hilohilo hubeba miale ya jua, picha ya eksirei na bomu la atomiki. Unururifu umo kwenye kamusi na haumo midomoni. Kikonzo, lugha ya Bwesumbu na Bwera, kinahitaji watu wakae chini na kuamua namna ya kutofautisha joto na majivu, kupigwa na miale na kubeba vumbi. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mshauri wa kigeni kwa wiki mbili. Kibarua anayesaini karatasi ya Kiingereza kwamba ameelewa hatari, hali hajaelewa, hakufundishwa. Amemkinga mwajiri wake tu.

Japani ilionyesha jinsi kanuni nzuri zinavyoweza kuvuja. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, kanuni iliyoanza Januari 2012 ilimtaka kila mwajiri wa kazi ya usafishaji kumfundisha mfanyakazi, kumpimia dozi na kumwangalia afya. Udongo na majani vilikwanguliwa kutoka mashambani na mashuleni, zaidi ya mita za ujazo milioni 13, vikatiwa katika magunia meusi. Kazi ilikuwa kubwa, na wakandarasi wakubwa waliwapa wadogo, wadogo wakawapa wadogo zaidi. Mwishoni mwa mnyororo walikutwa watu wasio na makazi waliookotwa stesheni ya treni ya Sendai. Mwaka 2018 ikagundulika kuwa kijana wa Vietnam, aliyeletwa kwa programu ya kujifunza ufundi, alikuwa amewekwa kusafisha mionzi bila kuambiwa. Serikali ikakataza wanafunzi wa programu hiyo kutumika katika kazi hiyo. Yeyote aliyewahi kuona barabara ya Afrika Mashariki ikijengwa anaufahamu mnyororo ule: kila kiungo hukata chake, na cha kwanza kukatwa ni mafunzo.

Ndiyo sababu kitabu cha dozi ni muhimu kuliko cheti cha ukutani. Viwango vya kimataifa vinamruhusu mfanyakazi wa mionzi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka ndani ya miaka mitano, na isizidi 50 katika mwaka wowote. Raia wa kawaida ni milisiverti 1. Viwango hivyo havina maana iwapo kibarua atahama kutoka mkandarasi mmoja hadi mwingine na dozi yake ikahesabiwa upya kutoka sifuri. Rekodi lazima imfuate mtu, kama kadi ya chanjo inavyomfuata mtoto.

Uganda ina chombo cha kusimamia. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008 iliunda Baraza la Nishati ya Atomiki, linalotoa leseni na kukagua vyanzo vya mionzi hospitalini, viwandani na kwenye visima vya mafuta. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, pamoja na kituo cha kuhifadhi taka za mionzi. Kenya ina mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Wakaguzi wa vyombo hivi ni wasomi, na wengi wamepitia kozi za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Ngazi ya juu ipo, basi. Pengo liko chini: kwa mkataji wa vyuma chakavu, dereva wa katapila, fundi wa saruji, mlinzi wa bohari. Viwanda vingi vya saruji duniani hutumia vipimo vyenye vyanzo vidogo vya mionzi, na siku kipimo kikichakaa atakayekigusa kwanza hatakuwa mkaguzi.

Wakati huohuo mazungumzo ya kanda yote ni ya kujenga. Uganda imetenga Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, kwa kinu cha umeme. Tanzania ina mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, ambao kwa ajili yake mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulipunguzwa kwa idhini ya Kamati ya Urithi wa Dunia mwaka 2012. Vijana wanapelekwa nje kusomea uhandisi wa kinu. Ni wachache wanaopelekwa kusomea namna ya kukifunga. Yule atakayemwaga ndoo ya mwisho ya udongo safi juu ya topesumu ya Namtumbo huenda hajazaliwa, lakini mtaala atakaosoma unaweza kuandikwa sasa, kabla shimo halijawa refu.

Mtaala huo unahitaji shule, na mahali pa kuiweka ni Kasese. Pendekezo hilo lina pingamizi zake, na zinastahili kujibiwa. Itasemwa kwamba Kilembe haina mionzi. Ni kweli, na ndiyo faida yake. Mwanafunzi akikosea kuvua vazi lililopakwa vumbi la shaba atajifunza bila kudhurika sana. Akikosea penye sesiamu hatapata nafasi ya pili. Uwanja wa mazoezi upo, ni mpana, na kila siku ya mazoezi inaacha nyuma yake ardhi iliyo safi zaidi kidogo kuliko jana. Itasemwa pia kwamba fedha hakuna. Lakini sheria ya madini ya Uganda inamtaka mwenye leseni aitengeneze ardhi anayoiharibu, na kampuni ya Kichina ya Tibet Hima, iliyokabidhiwa Kilembe mwaka 2013, ilinyang'anywa mwaka 2017 bila bonde kupata ahueni. Mkataba wowote wa mgodi huo unaotaja tani za shaba na usiotaja saa za mafunzo kwa kila kibarua umeandikwa nusu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba mahali penye watu wanaojua kushughulikia taka za mionzi patageuzwa jalala la taka za wengine. Wakonzo wana sababu ya kuogopa. Wameshaachiwa lundo moja. Jibu haliko katika ahadi za wakubwa. Liko katika kipimo kilicho mikononi mwa watu wenyewe. Bwesumbu yenye vijana watano wanaoweza kusoma mashine ya kupima mionzi, na wanaojua lori lililofunikwa turubai linapaswa kuwa na karatasi gani, haidanganyiki kirahisi kama Bwesumbu isiyo na hata mmoja.

Somo la kwanza la shule hiyo lisingehitaji mionzi wala maabara. Mkufunzi angempaka mwanafunzi unga wa mahindi uliotiwa rangi kwenye ovaroli na glavu, amwache achimbe mtaro jua kali nusu saa pale kandokando ya Nyamwamba, kisha amwambie avue, anawe na akae kula. Halafu wote wangetazama rangi imefika wapi: shingoni, kwenye simu, kwenye kipande cha mhogo. Wangerudi mtaroni, na wangevua tena.